Kimea cha Yoba: mtindi mzuri, ila neno "kinga" lina masharti

Pakiti ndogo ya Yoba, kimea (mbegu ya bakteria) cha kugandishia mtindi, ina gramu 1 ya unga mkavu wenye bakteria wa aina mbili: Lactobacillus rhamnosus yoba 2012 na Streptococcus thermophilus C106. Unga huo hutiwa kwenye lita 1 ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa, maziwa yakafunikwa mahali pa joto usiku kucha, na asubuhi mtindi uko tayari. Wasindikaji wana pakiti zao kubwa zaidi. Uganda ndiko kimea hiki kilikoota mizizi, na kimefika pia Kenya na Tanzania. Kwa upande wa jikoni hatuna ugomvi nacho. Ugomvi wetu ni na yale maneno "huongeza kinga ya mwili" ambayo wauzaji wa mtindi wa probiotiki (wenye bakteria hai wanaoaminika kuufaa mwili) wa kila namna hupenda kuyabandika kwenye vikombe na ndoo. Maneno hayo yanauza sana na yanaeleza kidogo, kwa hiyo sehemu kubwa ya tathmini hii itakuwa juu yake.

Tuanze na bakteria wenyewe. Huyu rhamnosus alitolewa kwenye utumbo wa mtu mwenye afya huko Marekani miaka ya 1980 na watafiti Sherwood Gorbach na Barry Goldin, na herufi za mwanzo za majina yao ya ukoo ndizo zilizompa jina la GG. Hakuna bakteria wa probiotiki aliyefanyiwa utafiti mwingi kumzidi. Hataza yake ilipoisha muda, taasisi ya Kiholanzi ya Yoba for Life, iliyoanzishwa na Remco Kort na Wilbert Sybesma, ilimchukua bakteria yuleyule na kumpa jina jipya, maana jina GG bado ni alama ya biashara ya watu wengine. Ni sawa na dawa isiyo na jina la kampuni: kiini ni kilekile, bei ni nyingine.

Mwenzake thermophilus hakuwekwa kwa ajili ya ladha peke yake. GG ana udhaifu unaowashangaza wengi: hawezi kutumia sukari ya maziwa, laktosi, wala hawezi kuivunjavunja protini ya maziwa, kaseini, mpaka ipate kumfaa. Ukimtia peke yake kwenye maziwa anadumaa. Thermophilus huivunja laktosi na kuimeng'enya kaseini, na mabaki ya kazi yake ndiyo chakula cha rhamnosus. Kwa hiyo bakteria huongezeka ndani ya sufuria yako, na hapo ndipo bidhaa hii inapokipita kidonge. Kidonge hakizidishi kitu. Idadi iliyomo siku ya kutengenezwa hupungua tu hadi siku unapokimeza.

Sasa huko tumboni.

Ukuta unaotenganisha yaliyomo ndani ya utumbo na sehemu nyingine za mwili ni safu moja tu ya seli, na seli hizo hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Uso wote wa ndani wa mfereji wa chakula wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na mita za mraba 32 hivi. Upande mmoja wa ukuta huo kuna bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, karibu wote wakiwa utumbo mpana. Upande wa pili kumekusanyika seli za kinga nyingi kuliko mahali pengine popote mwilini. Kwa hesabu hiyo, uvimbe wa utumbo (kinga kuuwasha utumbo ukavimba) ungekuwa jambo la kila siku kwa kila mtu.

Hauwi, na sababu ya kwanza ni ute. Kwenye utumbo mpana ute una tabaka mbili: la nje ni legevu na bakteria wamejaa humo, la ndani limebana na karibu halina bakteria kabisa. Sababu ya pili ni kingamwili iitwayo IgA, ambayo utumbo humwaga kwa gramu kadhaa kila siku. IgA humkamata bakteria na kumzuia asiguse ukuta, lakini haiiti jeshi wala haiwashi uvimbe. Kwenye utumbo mwembamba kuna pia seli za Paneth, zilizojificha chini ya vijishimo vya ukuta, zinazotoa protini za kuua bakteria wanaosogea karibu mno.

Halafu kuna mazungumzo. Bakteria wenyeji wa utumbo mpana hula nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, na kutokana nazo hutengeneza asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi: asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana, na pia husaidia kuzaliana kwa seli T za udhibiti, zile ambazo kazi yake ni kuzituliza seli nyingine za kinga. Kinga nayo hujifunza kutokana na bakteria: panya wa maabara waliokuzwa bila kijidudu chochote wana tezi za kinga za utumbo zilizodumaa na IgA kidogo sana. Na panya wenye bakteria wakinyimwa nyuzinyuzi, baadhi ya bakteria hao hugeukia kula ute wenyewe, tabaka likawa jembamba na maambukizi yakapita kwa urahisi.

Ukishaelewa hivyo, neno "kuongeza kinga" linapoteza maana. Mtu mwenye ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) au mzio mkali hana upungufu wa kinga utumboni. Kinga yake inapiga pasipostahili. Kinachotakiwa ni mizani, na mizani hiyo kwa sehemu kubwa inashikwa na bakteria wenyeji, ute wako na chakula chako.

Rhamnosus wa Yoba anaingia hapo kama mpita njia. Ana vinyweleo vya protini mwilini mwake vinavyomwezesha kunata kwenye ute kuliko ndugu zake wengi wa kundi la Lactobacillus, na hutoa protini iitwayo p40 ambayo, kwenye seli za maabara na kwenye panya, huzilinda seli za ukuta zisife ovyo na husaidia ukuta kubaki umebana. Lakini hahamii. Ukiacha kunywa mtindi, baada ya siku chache, au wiki moja au mbili, hapatikani tena kwenye choo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Huyu mgeni lazima aje kila siku, na wenyeji lazima walishwe. Mtu anayekunywa glasi ya mtindi juu ya mlo wa mkate mweupe na chipsi, bila maharage, bila mboga za majani, bila dona wala mtama, anamleta mgeni kwenye nyumba ambayo wenyeji wake wanalala njaa.

Ushahidi wa hospitalini uko vipi? Umechanganyika, na muuzaji mkweli angelisema hilo. Mwaka 2018 yalichapishwa majaribio ya Marekani kwa watoto 971 waliokuwa na kuhara kwa ghafla: waliopewa GG mara mbili kwa siku kwa siku 5 hawakupona vizuri zaidi ya waliopewa unga mtupu. Chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kikatoa mwongozo mwaka 2020 unaosema probiotiki zisitumike kwa watoto wa huko wenye kuhara kwa aina hiyo. Wenzao wa Ulaya wanaoshughulika na watoto bado wanaiweka GG kati ya zile zinazoweza kutumika, kwa kiwango cha bakteria wasiopungua bilioni 10 kwa siku. Kusini-magharibi mwa Uganda, watoto wa shule wa miaka 3 hadi 6 waliokunywa mtindi wa Yoba walilinganishwa na wenzao waliokunywa maziwa ya kawaida. Upande wa mtindi mafua na mapunye ya kichwani vilipungua. Hilo linatia moyo, ila ulinganisho wa shule kwa shule hauna nguvu ya jaribio ambalo kila mtoto amepangiwa kundi kwa kura.

Utafiti tunaoupa uzito zaidi kwa mtu mzima mwenye afya haukutumia Yoba kabisa. Mwaka 2021 watafiti wa Stanford waligawa watu wazima 36 katika makundi mawili. Kundi moja liliongeza vyakula vilivyochachushwa, mtindi ukiwamo, mpaka kufikia wastani wa sehemu 6 kwa siku. Jingine liliongeza nyuzinyuzi. Waliokula vilivyochachushwa walipata bakteria wa aina nyingi zaidi tumboni, na protini 19 za uvimbe zilishuka kwenye damu yao. Angalia kiasi hicho: sehemu 6. Kikombe kimoja kwa wiki hakimo kwenye hesabu.

Mwanza ina historia yake katika habari hii. Tangu mwaka 2004, kikundi cha akina mama cha Tukwamuane, pamoja na mpango wa Western Heads East wa chuo kikuu cha Western cha Kanada, kimekuwa kikitengeneza mtindi wa probiotiki ulioitwa Fiti, kwa bakteria wa ukoo uleule lakini aina nyingine, L. rhamnosus GR-1. Walengwa wakuu walikuwa watu wanaoishi na VVU, na mantiki yake ni nzito: VVU huua seli za kinga za CD4 za utumboni mapema sana, ukuta ukavuja, na vipande vya bakteria vinavyopenya kuingia kwenye damu huchochea kinga isitulie. Uchunguzi wa mwanzo ulitoa matumaini kuhusu CD4. Jaribio lenye mpangilio mkali zaidi lililofuata halikuonyesha kwamba probiotiki yenyewe inapandisha CD4. Mtindi ukabaki kuwa chakula kizuri chenye protini, na ARV zikabaki kuwa dawa.

Namna ya kuutengeneza

Tumia maziwa ya ng'ombe lita 1. Yapashe hadi nyuzi 85 na uyashike hapo dakika 30, ukikoroga yasishike chini. Wengi huyachemsha mara moja na kuepua. Yatakuwa salama, lakini mtindi utakuwa mwepesi. Zile dakika 30 hubadili umbo la protini za majimaji ya maziwa zikajishika na kaseini, na hizo ndizo zinazozuia mtindi kutoa maji. Ukitaka uzito zaidi, ongeza vijiko vikubwa 3 vya unga wa maziwa kabla ya kupasha, si sukari wala wanga.

Yapoze, huku yamefunikwa, hadi nyuzi 40. Weka sufuria kwenye beseni la maji baridi usingoje hewa, maana maziwa yanayopoa polepole hukaribisha vijidudu vya jikoni. Nunua kipimajoto, jaribio la kidole linadanganya, hasa kwa mkono uliozoea sufuria. Juu ya nyuzi 50 unaanza kumuua rhamnosus. Kwenye 45 hafi, ila thermophilus humwacha mbali, mtindi ukaganda haraka na kuwa na wageni wachache kuliko uliowalipia. Nyuzi 37 hadi 40 ndizo zinazowafaa wote wawili.

Koroga unga kwanza kwenye kikombe cha maziwa hayo ya vuguvugu hadi mabonge yaishe, kisha urudishe kwenye sufuria na ukoroge kwa dakika moja. Mimina kwenye hotipoti au chupa ya chai yenye mdomo mpana iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Acha saa 8 hadi 12 bila kutikisa. Ukiganda na kutoa harufu ya uchachu safi, weka kwenye friji, nyuzi 4, kwa saa kadhaa kabla ya kuonja. Sukari, asali au matunda viingie wakati wa kunywa. Sukari nyingi ikitiwa mwanzoni inawapunguzia bakteria kasi.

Pasipo friji utengenezwe wa kutosha siku moja, unywewe siku hiyo. Kwenye friji hukaa vizuri wiki moja na zaidi, ingawa uchachu unaongezeka. Na usiutie kwenye uji unaotokota: umeharibu kila kitu ulichokilipia, isipokuwa ladha.

Ukikataa kuganda

Hapa ndipo kimea hulaumiwa bure. Kama joto lilikuwa sawa na pakiti haijapita tarehe, shuku maziwa. Ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele kwa penisilini hutoa maziwa yenye mabaki ya dawa kwa siku kadhaa, na thermophilus ni mwepesi mno kufa kwa penisilini, hata ikiwa kidogo sana. Kuchemsha hakuiondoi. Maziwa ya hivyo yatabaki maji asubuhi, na ni dalili kwamba muuzaji hakungoja siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa ya mifugo. Badilisha muuzaji: mabaki hayohayo yanayomuua thermophilus kwenye sufuria hayawafanyii hisani bakteria walioko tumboni mwako. Wapo pia wanaotia haidrojeni peroksaidi ili maziwa yasichache njiani, nayo hufanya kazi yake hata kwa bakteria uliowataka. Ukiwa na shaka, jaribu pakiti nyingine kwa maziwa ya dukani ya muda mrefu. Yakiganda, kimea hakina kosa.

Maji ya kijani-manjano juu ya mtindi hayana madhara. Umekaa mno au joto lilizidi. Kuvutika kidogo kama ute nako kwaweza kuwa kawaida, maana thermophilus wa aina nyingi hutoa sukari nata. Mapovu, matundu kama ya sifongo, harufu ya hamira au ya zizi, rangi ya waridi au ukungu: mwaga wote, usitoe sehemu iliyoharibika ukabakiza nyingine.

Swali linaloulizwa kila mara ni kama unaweza kuokoa hela kwa kuchukua vijiko viwili vya mtindi wa jana kugandisha wa leo. Utaganda, ndiyo. Lakini kila mzunguko uwiano wa bakteria wawili hubadilika na vijidudu vya jikoni huingia, na huna njia ya kujua kama rhamnosus bado yumo. Kama unataka mtindi tu, endelea. Kama unamtaka rhamnosus, fungua pakiti mpya. Gharama kubwa hapa ni maziwa, si kimea.

Ikilinganishwa na vingine

Mtindi wa dukani unaweza kuwa mzuri vilevile, mradi haukupashwa moto baada ya kuchachushwa. Ukipashwa hukaa muda mrefu nje ya friji lakini bakteria wamekufa. Tafuta jina kamili la bakteria pamoja na herufi au namba zake mwishoni. "Una bakteria wazuri" si taarifa. Kiwango cha chini cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa bakteria aliyetajwa kwenye lebo ni milioni 1 kwa gramu. Glasi ya gramu 250 iliyofika hapo tu inakupa milioni 250, mbali kabisa na bilioni 10 za madaktari wa Ulaya. Mtindi uliogandishwa vizuri huzidi kiwango hicho kwa mbali, ila nyumbani hakuna wa kukuhesabia, na huo ndio upungufu wa kweli wa Yoba mbele ya kidonge chenye idadi iliyoandikwa. Maziwa lala na mursik (maziwa ya kuchacha ya kibuyu ya Wakalenjin) nazo zimejaa bakteria wa asidi ya maziwa walio hai, ila wa aina ambazo hubadilika kutoka kibuyu hadi kibuyu. Kwa yale matokeo ya Stanford hatuoni sababu ya kuzidharau.

Faida nyingine ya Yoba ni kwamba haihitaji maziwa peke yake. Nchini Uganda hutumika pia kuchachusha bushera, kinywaji cha mtama au ulezi, na hilo linawafaa wasiopata maziwa.

Wa kukaa mbali nayo: mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mgonjwa mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, anayetibiwa kwa dawa kali za kushusha kinga, isipokuwa daktari ameruhusu. Ni mara chache, lakini bakteria hawa wamewahi kuingia kwenye damu ya wagonjwa wa aina hiyo, na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kuwapa watoto njiti probiotiki. Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu. Humo mna IgA tayari, na mna sukari maalumu ambazo mtoto hazimeng'enyi, ni za kuwalisha bakteria wa Bifidobacterium tumboni mwake. Mtoto anayehara apewe ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14. Mtindi, kwa aliyekwishaanza kula, uwe nyongeza ya hayo.

Kwa anayetumia antibiotiki, usinywe mtindi na kidonge kwa pamoja: bakteria watauawa, na kwa dawa kama siprofloksasini na doksisaiklini kalsiamu ya maziwa hupunguza dawa inayofyonzwa. Acha saa 2 au zaidi katikati, na umuulize mfamasia kuhusu dawa uliyopewa.

Hukumu: kwa kugandisha, nyota 4 kati ya 5, moja ikitolewa kwa sababu mnunuzi hana namna ya kujua pakiti ilipitia joto gani kabla ya kumfikia. Kwa bakteria waliochaguliwa, 5. Kwa "kuongeza kinga" hatutoi nyota, maana si kipimo. Ukinunua, tazama tarehe, uliza ilihifadhiwa wapi, na ukikuta pakiti zimepangwa kwenye dirisha linalopigwa na jua la mchana, ziache hapohapo.